Mtoto Yuko na Nani Njiani?



Mwinjili Luka anatusimulia jinsi Yosefu na Maria walivyotembea mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu kabla ya kugundua kwamba mtoto wao wa miaka 12 hakuwa pamoja nao. Tumezoea kuitafakari habari hiyo kwa upande wa hekalu na waalimu waliostaajabu. Juma hili tungependa kuitazama kwa upande wa njia. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Walisafiri na ndugu, jamaa na majirani, na kila mtu mzima katika kundi lile alihesabiwa kuwa mlezi wa kila mtoto. Hata hivyo mtoto alikosekana, kwa maana kila mmoja aliamini kuwa yuko na mwingine.

Ndivyo ilivyo kwetu kila siku ya masomo, tangu saa nane mchana hadi jua linapozama. Mama yuko sokoni, akiamini mtoto amebaki shuleni kwa masomo ya ziada. Mwalimu amekwisha kumruhusu, akiamini anaongozana na wenzake. Wenzake nao wamepita njia ya mkato. Wale wa Nazareti walikuwa na msafara wa kweli. Sisi tunaendelea kuutegemea msafara uliokwisha kutawanyika.

Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Mnamo Januari 2019 nchi nzima ilisikia habari za Njombe, ambako watoto wadogo walitoweka, kisha miili yao ikapatikana, mingine ikiwa imeondolewa viungo, na viongozi wa serikali wakayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, ukawahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walieleza kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na miongoni mwao karibu robo walisema uliwapata wakiwa njiani kwenda shule au kurudi. Walipoulizwa ni nani aliyewatendea, waliotajwa zaidi walikuwa watu wasiowafahamu na, kwa kiwango kilekile, majirani.

Hapo ndipo tunapotatizika kila tunaposikia mzazi akimwonya mwanawe dhidi ya "wageni". Katika lugha yetu mgeni ni baraka. Akija, mwenyeji hupona. Bwana mwenyewe alijihesabu miongoni mwa wageni wanaobisha hodi. Tukimlea mtoto amchukie kila asiyemjua, tutakuwa tumevunja jambo jema, wala hatutakuwa tumemlinda na yule jirani. Tena hofu ya wageni ikiachwa bila akili huua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Watu wale walikuwa kazini.

Basi tumfundishe mtoto kupima tendo kuliko kupima sura. Shikamoo na aitoe, kwa kuwa heshima haina budi kubaki. Lakini salamu haimlazimu kusimama, wala kusogea karibu, wala kupokea soda. Mtu mzima mwenye shida ya njia atamwuliza mtu mzima mwenzake. Anayesema "mama yako anaumwa, amenituma nikuchukue" aulizwe neno ambalo mama na mtoto wamekubaliana nyumbani, na asipolijua, mtoto akimbilie dukani au kwa mama lishe huku akipiga kelele. Asiadhibiwe hata ikija kubainika kwamba mtu yule alikuwa mwema. Tunalisitiza hili la mwisho, maana wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa kuwa kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu, na waovu wanalijua hilo kuliko sisi.

Wala tusijitoe katika orodha ya hao wakubwa. Kanisa limeaibika kwa makosa ya baadhi ya makleri wake dhidi ya watoto, na mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka taratibu za kuripoti makosa hayo na za kuwawajibisha hata maaskofu wanaoyaficha. Mtoto anayo haki ya kumkatalia padre, katekista au mwalimu wa kwaya anayemtaka waende faragha.

Hata hivyo mafundisho yote haya yanaweka mzigo juu ya mabega madogo. Mtoto wa darasa la pili, aliyechoka na mwenye njaa, hawezi kushindana kwa maneno na mtu mzima aliyejiandaa. Wenye wajibu ni sisi. Tazameni vituo vya daladala jioni: kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, konda huwazuia mlangoni, gari la kwanza, la pili, la tatu, hadi giza linapoingia. Hapo akitokea mwenye gari dogo akasema "panda nikusogeze", tumlaumu mtoto kwa kuikubali lifti? Konda huyo pengine Jumapili anaketi nasi kanisani, na abiria waliokuwa wakitazama bila kusema neno pia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji anapoona haki ya mtoto inakiukwa. Ipo pia namba 116 ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo. Hivyo ni vyema, lakini aghalabu hutumika baada ya jambo kutokea.

Tangu mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walipoufanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele, tumejifunza kusali nyumba kwa nyumba na kuzikana. Tunaona jumuiya hizo ndizo zilizo karibu zaidi na njia za watoto. Kwa hiyo tunawaomba wenyeviti, katika ibada ya Jumamosi hii, waulize mambo machache: watoto wetu wanapita wapi, ni kipande gani kisicho na nyumba wala duka, nani anarudi kutoka shambani saa kumi, nani ana cherehani au genge linalotazama barabara. Majina ya watu wazima wawili wawili wa kuongozana na watoto kwa zamu, wake kwa waume, yasomwe mbele ya wote na kupelekwa kwa mwalimu mkuu. Tungependa kuanza na njia zinazopita mashambani, kabla mahindi hayajawa marefu kuliko mtu.