Saratani mikoani: asiyehesabiwa hatibiwi

Kila inapotajwa idadi ya wagonjwa wa saratani kwa kufuata mikoa watokako, mambo mawili hutokea. Mikoa iliyotajwa juu huingiwa na hofu, na mikoa iliyotajwa chini hujipongeza. Imesemwa mara nyingi hadharani kwamba Kanda ya Ziwa ndiyo inayoongoza, na sababu zikatafutwa upesi: wengine wakashuku zebaki ya machimbo ya dhahabu, wengine dawa za mashambani, wengine chakula. Mkoa wa Tabora, ulio jirani na kanda hiyo, hausikiki sana katika mazungumzo hayo. Je, kutosikika huko ni dalili ya afya, au ni dalili ya kutohesabiwa? Hilo ndilo swali ambalo mtumishi wa umma na mwalimu wanapaswa kuliuliza kabla ya kuiamini orodha yoyote.

Historia ya Tabora yenyewe ina fundisho. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiko Tabora ya leo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Pembe za ndovu zilizopita katika njia hiyo zilipimwa kwa frasila, zikaandikwa katika madaftari ya wafanyabiashara, na kila mwenye mali alijua ni ngapi zilizotoka bara na ngapi zilizofika pwani. Mpagazi aliyezibeba begani, aghalabu Mnyamwezi, akifia njiani kwa ndui au kwa njaa, mara nyingi hakuandikwa popote. Kilichokuwa na bei sokoni kilihesabiwa, aliyekibeba hakuhesabiwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ulishuka mabegani mwa watu, lakini desturi ya kuwahesabu waliofika mwisho wa safari na kuwasahau waliobaki njiani haikufa pamoja na misafara.

Safari ya mgonjwa

Njia ile ile leo ni njia ya mgonjwa. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilomita zipatazo 840. Huko ndiko iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee pa kupatia tiba ya mionzi nchini. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza imekwisha kuanza kutoa tiba hiyo, na jambo hilo limepunguza masafa kwa watu wa magharibi na wa Kanda ya Ziwa. Hata hivyo, Mwanza nayo ni kilomita karibu 380 kutoka Tabora, na Tabora mjini si Sikonge wala Kaliua.

Fikiria mama wa kijijini Sikonge mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Huanza kwa kuona damu isiyo ya kawaida, akanyamaza kwa haya. Baadaye huenda zahanati akapewa dawa ya maambukizo. Asipopona hupelekwa hospitali ya wilaya, kisha Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko akiwa na bahati hukatwa kipande kidogo cha nyama ili kikachunguzwe maabara, naye hurudi nyumbani kungoja majibu. Majibu yakija, hutakiwa nauli, mtu wa kumsindikiza, na mahali pa kufikia katika mji asioujua. Katika kila kituo cha safari hiyo wapo wanaoishia hapo. Mmoja huishia zahanati, mwingine huishia kungoja majibu, mwingine huuza ng'ombe kwa ajili ya nauli na kufariki kabla ya siku ya safari. Wote hao ni wagonjwa wa saratani. Lakini orodha inayosomwa Dar es Salaam huwahesabu waliofika, si walioanza safari.

Hata aliyefika huenda asihesabiwe mahali pake. Mgonjwa atokaye Sikonge hufikia kwa mpwa wake Mbagala. Akiulizwa dirishani anakaa wapi, hujibu kwa ukweli kwamba anakaa Mbagala, na karani huandika Mbagala. Kwa kalamu hiyo moja Sikonge imepungukiwa mgonjwa mmoja, na Temeke imeongezewa mmoja asiye wake.

Namna ya kuisoma hesabu

Yapo makosa manne yanayofanywa kila mara watu wanapolinganisha mikoa, na yafaa walimu wa hesabu wayafahamu kuliko watu wote.

La kwanza ni kulinganisha wingi wa wagonjwa bila kuangalia wingi wa watu. Kwa sensa ya mwaka 2022, mikoa sita ya Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Shinyanga na Simiyu ilikuwa na zaidi ya robo ya Watanzania wote, ambao walikuwa milioni 61.7. Kanda yenye robo ya watu haina budi kutoa sehemu kubwa ya wagonjwa, hata kama haina zebaki wala sumu yoyote. Kipimo cha haki ni idadi ya wagonjwa wapya kwa mwaka katika kila watu 100,000. Wilaya yenye watu 400,000 na wagonjwa 80 ina wagonjwa 20 kwa kila 100,000. Wilaya yenye watu 100,000 na wagonjwa 40 ina 40. Hii ya pili ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi, ingawa orodha ya wagonjwa itaitaja ya kwanza.

Kosa la pili ni kusahau umri. Saratani nyingi huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Mkoa wenye wazee wengi, kama Kilimanjaro, utaonyesha saratani nyingi zaidi kuliko mkoa wenye vijana na watoto wengi, hata kama hatari kwa mtu wa miaka 60 ni ile ile katika mikoa yote miwili. Ndiyo sababu wataalamu hawalinganishi nchi wala wilaya kabla ya kusawazisha tofauti za umri.

Kosa la tatu ni kushtushwa na idadi ndogo. Wilaya iliyopata wagonjwa wawili mwaka jana na watano mwaka huu haijapatwa lazima na balaa jipya. Bahati peke yake yaweza kuleta tofauti hiyo. Lazima miaka kadhaa ijumlishwe kabla ya kusema neno.

La nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kuhesabu ukimya kuwa ni afya. Madaftari ya saratani yaliyo imara zaidi nchini yako katika miji yenye hospitali kubwa, kama Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Penye daktari bingwa na maabara, saratani huonekana. Pasipo navyo, mtu hufa kwa uvimbe tu, au kwa tumbo, au kwa kurogwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000, na waliokufa kwa saratani walikaribia 27,000. Hayo ni makadirio, na yamejengwa juu ya madaftari ya mahali pachache. Tabora, mkoa uliokuwa na watu wapatao milioni 3.4 mwaka 2022, ukizidiwa na Dar es Salaam na Mwanza tu, haustahili kuishi kwa makadirio ya kuazima kutoka miji mingine.

Tofauti za kweli zipo

Isidhaniwe kwamba tofauti zote ni za makosa ya hesabu. Tofauti za kweli zipo, na Afrika Mashariki imeufundisha ulimwengu jambo hilo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto. Aliandikia hospitali nyingi kuuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari maelfu ya maili kusini na mashariki ya Afrika, akiuliza hospitali hadi hospitali. Akaona kwamba uvimbe huo hupatikana sana mahali penye joto na mvua na huadimika katika nyanda za juu. Ramani hiyo ndiyo iliyowaelekeza wataalamu kwenye malaria, na mwaka 1964 kirusi kinachohusika nao kikagunduliwa katika maabara ya London.

Kuanzia mwaka 1977 watoto wa Mara Kaskazini, hapa Tanzania, walipewa klorokwini ili ijulikane kama kuzuia malaria kutapunguza uvimbe huo. Majibu hayakuwa ya mkato, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kutolewa. Lakini hata hilo lisingejulikana kamwe kama wagonjwa wasingekuwa wamehesabiwa toka nyuma.

Mjini Kampala daftari la saratani lilianzishwa mapema miaka ya 1950, na kwa miongo mingi limekuwa likihesabu wagonjwa wa kaunti moja tu, Kyadondo. Kaunti moja iliyohesabiwa vizuri imewafaa wataalamu kuliko nchi nzima iliyohesabiwa kwa kubahatisha. Ukimwi ulipoingia, daftari hilo ndilo lililoonyesha wazi jinsi saratani ya Kaposi, iliyokuwa ya nadra, ilivyopanda hadi kuwa ya kwanza kwa wanaume. Kwa upande wa Kanda ya Ziwa, kichocho cha mkojo kimethibitishwa kuwa ni chanzo cha saratani ya kibofu. Kumbe yawezekana adui aliyetafutwa machimboni amekuwa akingoja katika maji ya lambo anamooga mtoto.

Tabora nayo ina swali lake. Ni mkoa wa tumbaku, na Urambo, Kaliua na Sikonge zinajulikana kwa zao hilo. Madhara ya kuvuta tumbaku hayana ubishi tena. Lakini je, mkulima anayelima asivute, anayeshika majani mabichi na kuvuta moshi wa kuni za bani, hupatwa na nini? Mtetezi wa zao atasema kwamba wagonjwa wa Tabora ni wachache, hivyo hakuna madhara. Mpinzani atasema kwamba kila kikohozi cha Urambo ni saratani. Wote wawili wanasema bila hesabu, na anayepotea katikati yao ni mkulima.

Wajibu wa watumishi na walimu

Fedha za serikali hufuata takwimu, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini takwimu zikitoka penye hospitali tu, fedha nazo zitarudi penye hospitali tu. Mashine itapelekwa palipo na mashine, bingwa atapelekwa palipo na bingwa, na mkoa usio na kitu utaambiwa kwamba hauna wagonjwa.

Kwa hiyo yapo mambo ya kufanywa, na mengi hayahitaji fedha za kigeni. Kila kadi ya mgonjwa, kutoka zahanati hadi Ocean Road, iandikwe kijiji na kata alikozaliwa au anakoishi siku zote, si nyumba aliyofikia. Kitete iwe na karani aliyefundishwa kazi ya daftari la saratani tu, naye akusanye habari kutoka hospitali zote za mkoa, Nkinga ikiwamo, na kutoka Bugando na Dar es Salaam kwa wale waliosafiri. Majibu ya maabara yawe na siku ya mwisho, na ikipita, mtu aulizwe. Mtendaji wa kijiji aandike kila kifo na dalili zilizokitangulia, hata kama marehemu hakumwona daktari. Na takwimu zinapotangazwa zitangazwe kwa wilaya, pamoja na wingi wa watu na umri wao, ili asiye mtaalamu asipotoshwe.

Walimu wana kazi yao ya pekee. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, nayo yazuilika. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na shule ndizo zilizo kituo chake kikuu. Mwalimu anayeandika kwa uangalifu majina ya wasichana waliochanjwa na wasiochanjwa, na kuwafuata wale waliokosa siku ile, anaipunguza orodha ya Ocean Road ya miaka 30 ijayo.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na watu wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Mafanikio yale yaliletwa na walimu na watumishi waliokubali kukaa vijijini na kuandika yaliyofanyika nyumba kwa nyumba. Kazi ya kuhesabu wagonjwa wa saratani ni ya namna hiyo hiyo. Haina shangwe, wala haina utepe wa kukatwa.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mkoa nao waweza kuficha maradhi, si kwa kukusudia, bali kwa kalamu iliyolala na daftari lisilofunguliwa. Mpagazi aliyefia njiani kati ya Unyanyembe na pwani hawezi tena kuandikwa. Mama wa Sikonge aliye zahanati asubuhi ya leo bado anaweza.