"Lete Gari Kwanza"

Kila tarehe 14 ya mwezi, nusu ya Kenya hushika simu ikingoja EPRA itangaze bei ya mafuta. Bei hiyo huja hadi senti. Kesho yake ukipita stesheni yoyote ya petroli, iko pale juu kwenye ubao, kubwa kiasi kwamba hata aliyebanwa siti ya nyuma kwenye matatu anaisoma. Tunalalamika, tunatengeneza meme, tunalipa. Lakini angalau tunajua tunalipia nini, na jirani wa pampu ya pili analipa hiyo hiyo.

Sasa fungua boneti. Oili inayoingia pale, filta inayoisafisha, saa moja ya kazi ya fundi: mpigie muuzaji rasmi wa magari umuulize bei. Mimi nilipiga. Nikaambiwa, "Madam, lete gari kwanza tuione."

Hiyo sentensi ndiyo ugomvi wangu.

Gari lenyewe ni la mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mkazi wa Thika. Ni kagari kadogo ka injini ya 1300, kalikoshuka Mombasa kakiwa kameshatumika Japani, kama magari mengi unayoyaona barabarani. Kitabu cha maelekezo kimo kwenye droo ya dashibodi, na chote ni Kijapani. Yaani kitu kimoja ambacho kingemwambia mathe ni nini kinafaa kubadilishwa, na baada ya kilomita ngapi, hawezi kukisoma. Anayemsomea ni yule yule anayemuuzia.

Kwa miaka mitano amekuwa akilipeleka kwa muuzaji rasmi mmoja jijini. Siku nilipomuuliza kwa nini asimpe kazi fundi wa karibu na nyumbani, alinijibu kwa maneno matatu: "Pale wanaandika risiti." Mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini anaamini karatasi. Risiti zote amezipanga kwenye faili ya kijani, kwa tarehe.

Halafu siku moja akanipigia simu kuomba elfu kumi. Mama yangu haombi pesa. Alizungukazunguka, akauliza habari za kazi, akauliza kama nimekula, kisha akasema sevisi imekula hadi pesa ya chama. Nikamwambia anitumie picha ya ankara.

Ilikuwa shilingi 30,740. Kwa sevisi ya kawaida, wala si injini iliyokufa. Oili lita nne, 7,800. Filta ya oili, 1,850. Filta ya hewa ya injini, 3,900. Filta ya AC, ile inayosafisha hewa mnayopumua mkiwa ndani, 3,450. Kusafisha breki, 2,500. Kazi ya fundi, 5,600. Halafu kitu kilichoandikwa "vifaa vidogovidogo", 1,400, ambacho hadi leo sijui ni kitambaa cha kufutia mikono ama ni nini. Jumla 26,500, ongeza VAT ya asilimia 16.

Jumamosi iliyofuata nikashuka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikiwa na ile picha kwenye simu. Sikutafuta vitu vya bei rahisi. Niliuliza oili ya kampuni ile ile, namba zile zile kwenye mtungi, na filta zenye namba ya spea ile ile iliyo kwenye ankara. Oili lita nne, 5,200. Filta ya oili, 950. Ya hewa, 1,700. Ya AC, 1,300. Fundi ninayemwamini wa Kariobangi akataka 2,000, breki zikiwemo. Jumla 11,150. Tofauti ni shilingi 19,590.

Najua unachotaka kusema, na una haki. Muuzaji rasmi analipa kodi ya jumba la vioo. Ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ana mafundi waliosomeshwa, ana bima. Gari likianguka kutoka kwa jeki, kuna ofisi ya kuingia na kupiga meza. Na ile VAT inaenda serikalini, haiendi mfukoni mwake. Yote kweli. Mimi sisemi auze kwa bei ya Grogan. Chapati ya hoteli ya nyota tano si bei ya chapati ya kibanda, na hakuna anayelia, kwa sababu menyu iko mezani kabla hujauma.

Pia usidhani nimekuja kuwatakasa mafundi wa jua kali. Nimeshauziwa filta feki iliyopakwa rangi ikapendeza kuliko ya kweli. Kuna fundi aliniambia gari "inataka kitu kidogo tu," kikawa kitu kidogo kila wiki kwa miezi miwili. Grogan wanakupima viatu kabla ya kukutajia bei. Lakini Grogan unaweza kusema "hapana," ukahamia duka linalofuata, hatua nne. Bei inabishaniwa mbele yako, na spea iko mkononi mwako.

Kwa hivyo nikaamua kulinganisha wauzaji rasmi kwa wauzaji rasmi, ili nisionewe kwamba nalinganisha ng'ombe na mbuzi. Nikapiga simu tatu. Maelezo yale yale: gari hili, mwaka huu, kilomita hizi, sevisi ya kawaida.

Wa kwanza ndiye huyo wa "lete gari kwanza." Wa pili alisema "ni kuanzia 18,000." Nikauliza, kuanzia 18,000 kwenda wapi? Akacheka, akasema inategemea. Wa tatu aliniomba namba ya WhatsApp, akakaa siku tatu, kisha akatuma 22,400 bila kueleza ndani kuna nini. Nilipomsukuma, ikawa filta ya hewa haimo. Breki hazimo. VAT itaongezwa.

Na kabla ya hayo yote, wawili kati yao waliniuliza swali moja ambalo bado linanikereketa: "Gari ni ya kampuni ama ni yako?"

Niambie wewe. Injini inajua inalipiwa na nani? Oili ina habari gani na mwenye gari? Bei ikianza kwa kuuliza mfuko ni wa nani, hiyo si bei tena. Hayo ni makadirio ya uvumilivu wako.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulinganisha haiwezekani, na haiwezekani kwa makusudi. "Sevisi ndogo" na "sevisi kubwa" hazina maana moja. Huyu anahesabu filta mbili, yule tatu, mwingine anaongeza dawa ya kusafisha injini ambayo hukuomba. Huwezi kusema nani ghali wakati kila mmoja anauza kitu tofauti chini ya jina moja. Unampa ufunguo, gari linapanda kwenye jeki, kisha unapigiwa simu ukiwa kazini: "Madam, tumeona pia..." Gari lako liko hewani bila oili. Utasema nini?

Basi nikamwomba mama gari, tukaenda Kariobangi, naye akabeba ile faili yake ya kijani. Nilitaka fundi alikague tu, anihakikishie kwamba angalau kazi aliyolipia ilifanywa vizuri. Oili ilikuwa safi. Filta ya hewa ilikuwa mpya. Kisha fundi akapiga magoti upande wa abiria, akafungua droo ya dashibodi, akavuta filta ya AC.

Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Majani makavu yalikuwa yamejikunja ndani yake. Pembeni, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri kabisa: 41,000.

"Siz," fundi akaniuliza, "hii gari ilifika Kenya ikiwa na kilomita ngapi?"

Ilifika na 58,000. Leo ina 112,000. Ile filta ilitiwa na fundi fulani huko Japani kabla gari halijaona bahari. Mama alifungua faili yake pale pale, juu ya boneti, akaanza kuhesabu. Filta ya AC ameilipia mara nne: 2,900, 3,100, 3,250, 3,450. Shilingi 12,700, zote zina risiti.

Mimi nilitaka vita. Nilikuwa tayari nimeshaandika uzi mzima kichwani, pamoja na picha. Mama akasema, "Wewe kaa gari. Nitaingia mwenyewe." Akaingia na filta kwenye mfuko wa supamaketi. Alipotoka alinieleza jibu alilopewa na yule kijana wa mapokezi, ambaye alikuwa mwenye adabu na alimwita Mwalimu mwanzo hadi mwisho: "Mwalimu, hiyo mistari system huiweka yenyewe."

System huiweka yenyewe! Kisha wakampa punguzo la asilimia 15 kwa sevisi ijayo. Punguzo la bei ambayo haijui. Kuhusu 12,700 zake, aliambiwa "tunafuatilia."

Jameni, sisi tuna sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anayolipia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari hasa: unafaa kupewa makadirio kabla ya kazi, na unafaa kurudishiwa spea zilizotolewa kwenye gari lako. Rudia hiyo ya mwisho. Filta kuukuu ni mali yako. Ungekuwa unapewa kila mara kwenye mfuko, hadithi ya mama yangu isingekuwepo.

Na wale wenye magari mapya wanaotishwa kwamba ukiguswa na fundi wa nje, waranti imekufa: Afrika Kusini, tangu Julai 1, 2021, miongozo ya tume yao ya ushindani inataka wenye magari waruhusiwe kufanya sevisi kwa fundi huru wanayemchagua hata waranti ikiwa bado hai. Hapa kwetu hofu hiyo imesambaa hadi kwa watu kama mama, ambao magari yao ya mitumba hayana waranti yoyote ya kupotezwa.

Ninachodai ni kidogo hadi kinaudhi. Ubao ukutani. Ajenti wa M-Pesa kwenye kibanda cha mabati anabandika ada zake ukutani. Kinyozi wa mtaa ameandika bei ya denge na bei ya ndevu. Kampuni yenye jumba la vioo, kahawa ya bure na kiyoyozi inashindwaje kuandika: oili ya gari hili ni kadhaa, filta ni kadhaa, saa moja ya fundi ni kadhaa, VAT imo? Magari yenyewe yamekatwa na mashine, yote sawa. Hakuna cha "kuona" kwenye kubadilisha oili.

Hadi ubao huo uje, tujipange. Usiulize "sevisi ni pesa ngapi?" Hilo swali ni mtego unaojitegea mwenyewe. Uliza lita ngapi, ya aina gani, lita moja bei gani. Uliza filta zipi na namba za spea. Uliza kama VAT imo. Sema mapema, kwa maandishi, kwamba unataka spea kuukuu zirudi. Na usiachie ufunguo kabla karatasi haijafika.

Mama alirudi pale. Ndiyo, kwa wale wale. Nilipandisha mori, nikamwambia Grogan tungelipa nusu. Hakunijibu. Alifika kaunta, akamwambia yule kijana achukue kalamu, akamsomea imla kama darasa la nne: oili, filta ya oili, breki, kazi. Filta ya hewa, kagua kwanza, usibadilishe bila kunionyesha. Vifaa vidogovidogo, futa. "Sasa jumlisha." Ikatoka 20,590 pamoja na VAT. Imepungua kwa 10,150, yaani zile elfu kumi alizokuwa ameniomba kwa aibu.

"Bado ni ghali," nikamwambia tukirudi Thika.

"Ni ghali," akasema, "lakini nimeisoma kabla ya kulipa. Na wewe Grogan ungeniandikia risiti?"

Sikuwa na jibu. Filta kuukuu ya oili ilikuwa miguuni pangu, ndani ya mfuko, ikivujia karatasi waliyoifungia. Tulipofika aliibeba hadi jikoni, akaiweka juu ya gazeti la jana, akachukua faili ya kijani na kuandika tarehe.