Mgeni wa Televisheni Hatafutwi kwa Cheo

Katika mkoa wa Singida, kama ilivyo katika mikoa mingi iliyo mbali na Dar es Salaam, imeenea imani kwamba mtu haalikwi kwenye kipindi cha televisheni ila awe na cheo, awe na ndugu ndani ya kituo, au awe tayari kutoa bahasha, yaani fedha anazopewa mwandishi wa habari kwa kificho ili habari za mtoaji zipate nafasi. Imani hiyo haishikiliwi na wasiojua kusoma peke yao; husemwa na walimu wastaafu, wenye viwanda vidogo vya kukamua mafuta, viongozi wa vyama vya ushirika na hata wanasheria, na wote huisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuuona mlango umefungwa, ilhali wengi wao hawajawahi kuubisha. Ni imani potofu, na ubaya wake ni kwamba huwanyamazisha hasa wale ambao Taifa lina haja ya kuwasikia.

Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi mwaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Vituo vilivyofuata navyo viliweka makao katika jiji hilohilo, isipokuwa vichache kama Star TV iliyojengwa Mwanza, kwa hiyo mtu wa Iramba au Manyoni aliizoea televisheni kama kitu kinachotoka mbali na kuzungumzia mambo ya mbali. Sura za Singida zilizofika kwenye kioo zilikuwa mara nyingi za viongozi walio ziarani. Hapo ndipo watu walipohitimisha kwamba kamera hufuata cheo.

Hitimisho hilo linachanganya sababu na matokeo. Mwandishi wa mkoani, ambaye kwa kawaida si mwajiriwa wa kudumu bali hulipwa kwa kila habari inayotumika, hana gari la kituo wala posho ya kumfikisha Mkalama au Itigi. Ofisi ya kiongozi humpa usafiri, ratiba iliyotangazwa mapema, na taarifa iliyoandikwa tayari. Kiongozi anaonekana kwa sababu ofisi yake imempunguzia mwandishi kazi. Cheo kimeleta maandalizi, na maandalizi ndiyo yaliyoleta kamera. Mwananchi asiye na gari la kumkopesha mwandishi bado anaweza kumpa vile viwili vilivyobaki, navyo havihitaji bajeti ya Serikali.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi mtu anapoitazama kazi ya mtayarishaji, yaani yule anayechagua mada ya kipindi, anayetafuta wageni na kupanga muda wao kabla mtangazaji hajakaa mbele ya kamera. Vipindi vya asubuhi kama Jambo Tanzania cha TBC au Tuongee Asubuhi cha Star TV, na vya mjadala kama Malumbano ya Hoja cha ITV, vina njaa isiyokwisha: muda wa hewani ni lazima ujazwe, mada ni lazima iguse jambo linalozungumzwa na watu siku hizo, na mgeni aliyeahidi kufika anaweza kughairi usiku wa kuamkia kipindi. Mtayarishaji aliye katika hali hiyo haulizi kwanza mgeni ni nani katika itifaki, bali anauliza kama analijua jambo, kama anaweza kulieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka na mpika chapati, na kama simu yake itapokelewa. Mwenye majibu matatu ya ndiyo humfaa kuliko mkurugenzi ambaye ni lazima aombewe kibali na watu wanne.

Mfano wa alizeti unatosha kuonyesha kinachopotea. Mwaka 2021 Serikali iliichagua Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, kuwa mikoa ya kipaumbele katika kuongeza uzalishaji wa zao hilo, kwa kuwa nchi ilikuwa ikizalisha chini ya nusu ya mafuta ya kula inayoyahitaji na kuagiza mengine kutoka nje. Wakulima waliitikia, na ilipofika mwaka 2023 bei ya mbegu ikaporomoka, huku wao na wakamuaji wakilalamikia mafuta ya nje yaliyojaa sokoni. Suala hilo lina sehemu ambazo hakuna mchumi wa Dar es Salaam azijuaye kama mkamuaji wa Singida mjini: gunia la mbegu ya Record, ile ya zamani ambayo mkulima huirudia shambani kila mwaka, hutoa mafuta kiasi gani likilinganishwa na gunia la mbegu chotara, bei ya mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua na kuuzwa kama chakula cha mifugo, huamua vipi kama kiwanda kitafungwa au kitaendelea, na kwa nini mkulima huuza mara tu baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, bei ikiwa chini, badala ya kungoja. Mtu mwenye maarifa hayo ambaye hamwandikii mtayarishaji yeyote, kwa kuwa ameamini kwamba hana cheo, ameiacha hoja ya mkoa wake isemwe na wengine, na wengine hao mara nyingi ni waagizaji wa mafuta ambao hawajawahi kuona haya kuomba nafasi.

Msimu, tena, humpa mtu wa Singida fursa ambayo haionekani na anayengoja kuitwa. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwisha kati ya Aprili na Mei, na kwa hiyo maswali ya mbegu, ya palizi na ya bei huja kwa zamu inayojulikana. Bunge nalo hujadili bajeti ya Wizara ya Kilimo kabla ya mwaka mpya wa fedha unaoanza Julai. Ujumbe wa nusu ukurasa uliotumwa majuma mawili kabla ya mjadala huo, ukitaja swali moja, jibu lake kwa kifupi, na sababu inayomfanya mwandikaji aaminiwe, una thamani kuliko barua ndefu ya kujitambulisha iliyojaa vyeti.

Kuhusu bahasha, haitakuwa haki kusema kwamba haipo. Ipo, na Baraza la Habari Tanzania limeikataza katika kanuni zake za maadili kwa sababu ipo. Lakini wanaoitaja huchanganya mambo mawili. Vituo huuza muda wa hewani kwa uwazi, kwa bei na risiti, na taasisi nyingi huununua ili kujitangaza. Huo ni ununuzi wa tangazo, hata kama lina sura ya mahojiano. Kualikwa ni jambo jingine, kwa sababu mgeni aliyealikwa huulizwa maswali asiyoyachagua, na ndiyo maana neno lake lina uzito. Anayeombwa fedha ili aalikwe ameombwa anunue tangazo au ametakiwa rushwa, na kwa vyovyote anapaswa kukataa na kumwandikia mtayarishaji wa kituo kingine. Anayetoa bahasha kwa kudhani ndiyo desturi anaijenga desturi hiyo kwa mikono yake, na anamfungia mlango jirani yake asiye na fedha.

Umbali hauna tena nguvu uliyokuwa nayo. Singida iko karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, lakini Dodoma, ambako vituo vikubwa hupeleka watu wao kila Bunge linapokutana, iko umbali wa safari ya saa chache kwa basi, na tangu janga la UVIKO-19 vituo vimezoea kuhoji wageni kwa simu na kwa video. Lafudhi ya Kinyaturu au ya Kinyiramba, ambayo baadhi huiona haya, haijawahi kumzuia mtazamaji kumwelewa mtu anayejua anachokisema. Kizuizi cha kweli kinawahusu watumishi wa umma, ambao hawawezi kusemea ofisi zao bila idhini, na kwa hiyo ofisa ugani anayelijua shamba kuliko wote hulazimika kunyamaza huku msemaji asiyelijua akihojiwa. Utaratibu huo unastahili kupingwa kwa nguvu zote ambazo sasa zinapotea katika kulalamikia vyeo na bahasha, na wa kuanza kuupinga ni halmashauri zenyewe, ambazo zinaweza kutoa idhini ya jumla kwa wataalamu wao kueleza mambo ya kitaalamu bila kuomba ruhusa kila mara. Wakulima, wakamuaji, wafugaji na wastaafu hawafungwi na idhini hiyo. Mjadala ujao wa bajeti ya kilimo uko wazi kwao, na orodha za wageni wake hazijajazwa bado.