Kompyuta Inayokataa Kukagua Diski Yake



Mwalimu mmoja wa Beni ametuletea swali ambalo, bila shaka, lawasumbua wengine wengi. Kompyuta ya shule yake, kila asubuhi iwashwapo, huandika kiooni kwamba diski haina budi kukaguliwa. Huhesabu sekunde chache, kisha hutangaza kwamba ukaguzi hauwezekani, ikaendelea kuamka kama kwamba hapakuwa na neno. Fundi wa kwanza alimwambia apuuze. Fundi wa pili alimshauri afute yote na kuweka Windows mpya. Ndani ya mashine hiyo zimo pointi za wanafunzi wa madarasa sita tangu mwanzo wa mwaka wa masomo, wala hazina nakala mahali pengine popote.

Nasema wazi: mafundi hao wawili wamekosa, na wa pili amekosa zaidi.

Ili tuelewane, tutazame kwanza kinachokaguliwa. Mfikirie mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo kubwa. Mizigo imo ndani, na mlangoni liko daftari linaloonyesha mzigo upi umewekwa wapi. Diski nayo ni vivyo hivyo: mna maandishi yenu, na mna daftari la kuyatafutia. Programu ya ukaguzi, iitwayo chkdsk, kazi yake ya kwanza ni kusahihisha daftari. Haiwajibiki kwa mizigo. Ikikuta mzigo usioandikwa, huutupa katika folda iitwayo found.000 kwa jina lisilo na maana, kama FILE0000.CHK, ikikuta safu mbili za daftari zinagombea mahali pamoja, yaweza kukata moja ili daftari liwe sawa. Daftari litapona, na barua yako huenda isipone. Watu wengi hudhani kwamba ukaguzi ni uokoaji. Sivyo.

Tena liko jambo jingine ambalo mafundi wetu hulisahau. Windows huweka daftari lake kwa utaratibu uitwao NTFS, uliotolewa mwaka 1993, na utaratibu huo una kumbukumbu ya pembeni: kila badiliko la daftari huandikwa humo kabla ya kutendwa. Jenereta ikizimika ghafula, mashine ikiwashwa tena husoma kumbukumbu hiyo na kujisahihisha yenyewe upesi, bila ukaguzi wowote. Kwa hiyo diski ya NTFS inapoomba kukaguliwa kila siku, usiseme, "Ni umeme tu." Maana yake ni kwamba mfumo umekuta kosa la kweli ndani ya daftari, ukaweka alama ya shaka, na alama hiyo haijaondoka. Waweza kuiuliza: fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika "fsutil dirty query C:", nayo itajibu kama alama ipo. (Flashi nyingi hutumia utaratibu wa zamani wa FAT32, usio na kumbukumbu hiyo. Ndiyo sababu flashi iliyochomolewa kwa pupa huharibika upesi kuliko diski ya ndani.)

Kwa nini basi ukaguzi hufanywa alfajiri ya mashine, kabla haijaamka sawasawa? Kwa sababu mweka hesabu hawezi kusahihisha daftari wakati wachukuzi wanaingia na kutoka. Windows ikisha kuamka, diski ya C imekwisha shikwa na programu nyingi. Hivyo kiprogramu kidogo kiitwacho autochk huamshwa mapema kuliko karibu vyote, hutazama ile alama, hufanya kazi, kisha hupisha. Hicho ndicho kinachoshindwa kule Beni.

Lakini kabla ya kukitafutia dawa, nakili! Windows bado inaamka. Pointi za madarasa sita hazizidi megabaiti chache. Flashi moja yatosha, na mbili ni bora. Kama Windows yako haiamki tena, omba mtu akutengenezee flashi yenye Ubuntu. Washa mashine kwa flashi hiyo bila kuisimika ndani, ufungue folda zako na kuzitoa. Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izime mara moja. Hapo programu ya kufaa ni ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuyarudia mabovu baadaye, ikiyaweka yote katika diski nyingine isiyo ndogo kuliko ile mgonjwa. Na mwenye kuipeleka mashine yake kwa fundi, kutoka Beni hadi Butembo juu ya pikipiki, aizime kabisa. Kuifunga tu kifuniko ikiwa imelala hakutoshi, kwani yaweza kuamka ndani ya mfuko, na diski ya kuzunguka haivumilii mashimo ya njia ile.

Nakala ikiwa salama, uliza afya ya diski yenyewe. Kila diski hujiandikia habari za ugonjwa wake, na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huzisoma. Ikionyesha kwamba sehemu nyingi zimekufa na kubadilishwa, au zangoja kubadilishwa, acha matengenezo. Nunua diski nyingine. Kuikagua diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa mlimani.

Diski ikiwa nzima, sababu ya autochk kushindwa kwa kawaida huwa moja kati ya hizi. Inayotangulia kwa wingi ni kwamba programu nyingine imeamka mapema zaidi na kuikamata diski: kinga ya virusi, au programu ya kugawa diski, au ya kutunza nakala. Dalili yake ni ujumbe usemao kwamba diski haikuweza kufunguliwa moja kwa moja. Katika vibanda vyetu vya kupiga chapa nimeona kompyuta zenye kinga mbili za virusi, kila moja ikimshuku mwenzake. Ondoa ile iliyowekwa karibuni, uwashe upya.

Ikiwa ujumbe wasema kwamba autochk haikuonekana, basi faili lake lililomo katika folda ya System32 limepotea au limeharibiwa. Amri "sfc /scannow" hulirudisha mara nyingi. Yawezekana pia kwamba faili lipo lakini agizo la kuliita limebadilishwa. Agizo hilo hukaa katika rejista ya Windows, sehemu iitwayo Session Manager, katika mstari BootExecute, nalo lapasa kusomeka "autocheck autochk *". Ninyi vijana wa shule, tafadhali, rejista hiyo msiichezee. Kosa la herufi moja mahali pengine laweza kuilaza mashine nzima.

Iko na njia ya kuepuka matata hayo yote, nami naipenda kuliko nyingine. Washa mashine kwa flashi ya kusimika Windows, chagua kutengeneza badala ya kusimika, ufungue dirisha la amri. Hapo Windows ya ndani imelala kabisa, wala hakuna anayeishika diski. Ila angalia: mahali hapo herufi za diski zaweza kubadilika, na C ya nyumbani ikawa D. Andika "dir D:" kwanza, uone kama folda zako zimo, ndipo uandike "chkdsk D: /f".

Nililosema juu ya fundi wa kwanza lahitaji maelezo. Liko agizo "chkntfs /x C:", ambalo huiambia mashine isiikague tena diski ya C iwashwapo. Baada ya hapo asubuhi huwa kimya, mteja hufurahi, hulipa, huenda zake. Kosa li pale pale. Kama unashuku kwamba umetendewa hivyo, "chkntfs /d" huurudisha utaratibu wa kwanza.

Tena neno dogo ambalo limewapotezea watu siku nzima. Windows nyingi za kwetu ni za Kifaransa. Mashine ikiuliza kama ukaguzi upangwe kwa uwashaji ujao, haingoji herufi Y iliyoandikwa katika vitabu vya Kiingereza. Yangoja O, herufi ya kwanza ya "Oui". Wapo waliojibu Y mara nyingi, wakadhani programu imekufa.

Sasa habari ya umeme. Butembo ni mji mkubwa ulioishi miaka mingi kwa jenereta, na wengi wetu bado tunahesabu moto wetu kwa saa. Amri yenye "/f" husahihisha daftari tu, na mara nyingi humalizika mapema. Amri yenye "/r" husoma diski nzima, sehemu kwa sehemu. Fanyeni hesabu: diski ya gigabaiti 500, ikisomwa megabaiti 80 kwa sekunde, yataka sekunde 6,250, yaani karibu saa moja na dakika 45, na hiyo ni diski yenye afya. Yenye majeraha yaweza kusimama kwenye asilimia moja tangu jioni hadi asubuhi. Mwenye jenereta ya saa tatu asianze "/r" usiku huo. Atafute siku yenye umeme wa kutosha, betri ya mashine iwe imejaa, na asikate moto katikati, kwani kukata wakati daftari linaandikwa ndiko kunakoharibu kuliko ugonjwa wenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 waweza pia kuandika "chkdsk C: /scan", nayo hukagua huku ukiendelea na kazi, ili matengenezo ya alfajiri yawe mafupi.

Ukaguzi ukifaulu, usiridhike kwa kuwa kioo kimenyamaza. Matokeo huandikwa katika kumbukumbu za matukio ya Windows, upande wa programu, chini ya jina Wininit. Yasome hata kama uliondoka kunywa chai wakati yakionyeshwa. Tafuta mstari unaotaja kilobaiti zilizo katika sehemu mbovu. Kama ni 0, vema. Kama si 0, iandike namba hiyo katika karatasi pamoja na tarehe, ukague tena baada ya mwezi mmoja. Na ikiwa imeongezeka, anza kuweka akiba ya diski mpya.