Taa ya matumbawe si taa ya disko!

Wiki hii tunaingia sebuleni kwa wale washikaji waliochoka na samaki wa maji baridi, sasa wanataka kipande cha bahari ndani ya nyumba: maji ya chumvi, samaki wa rangi rangi na matumbawe hai. Ni bomba, sikatai. Lakini ukizubaa utaliwa pesa, hasa kwenye taa za LED.

Kwanza tuelewane. Tumbawe si jiwe wala ua, ni mnyama. Ndani ya mwili wake vimepanga vimwani vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kodi ya pango vinalipa kwa chakula. Vinatumia mwanga kutengeneza sukari, mwenye nyumba anakula. Ukikata mwanga, umekata msosi. Ukimwaga mwanga kupita kiasi, wapangaji wanatimuliwa, tumbawe linabaki jeupe kama chaki, na hali hiyo ikiendelea linakufa kwa njaa. Joto nalo hufanya hivyo hivyo: mwaka 1998 bahari ilipochemka, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Mafia, yalipauka.

Sasa dukani. Muuzaji atakusifia wati. Usibabaike! Wati ni umeme ambao taa inakula, siyo mwanga unaofika chini ya tangi. Wewe ulizia PAR, yaani kipimo cha mwanga ambao vile vimwani vinaweza kuutumia. Matumbawe laini yanaridhika na PAR 50 hadi 150. Yale magumu yenye vijitawi, kama Acropora, yanataka 200 hadi 350. Na kipimo kisomwe pale tumbawe linapokaa, kwa sababu maji yanameza mwanga. Mwambie muuzaji akuonyeshe namba za PAR kwa kila kina. Akianza kujiumauma, rudisha pochi mfukoni.

Jambo la pili ni rangi. Baharini mwanga mwekundu humezwa kwenye mita chache za juu. Bluu ndiyo inayozama mbali, na matumbawe yameizoea. Kwa hiyo chagua taa iliyojaa bluu na zambarau, nanomita 420 hadi 460, pamoja na nyeupe kiasi ili na wewe ufaidi macho. Ile inayorukaruka nyekundu na kijani kwa rimoti, waachie wenye disko. Na bluu ya LED usiidharau: wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani waliipatia ufumbuzi, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Tatu, angalia mwanga unavyosambaa. Taa moja ikimulika katikati tu, pembeni matumbawe yanalala njaa. Tangi la sentimita 120 kwa kawaida linataka taa mbili. Zitundike juu kidogo, maana chumvi ikirukia kwenye saketi, taa imekwisha.

Ukishafunga, punguza papara. Usiwashe asilimia 100 siku ya kwanza! Anza na 30 au 40, pandisha kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne, huku ukiangalia rangi ya matumbawe. Yakianza kupauka, shusha. Masaa 8 hadi 10 kwa siku yanatosha, na taima ndiyo iwashe na kuzima, siyo mkono wako unaorudi usiku wa manane kutoka viwanja.

Na umeme ukikatika? Betri ya akiba peleka kwenye pampu, siyo kwenye taa. Matumbawe yanavumilia giza la siku moja, lakini samaki hawavumilii maji yasiyo na hewa.

La mwisho: usithubutu kwenda kuvunja matumbawe baharini. Yale magumu yote yamo kwenye mkataba wa CITES, huwezi kuyavusha mpaka bila kibali. Tafuta vipande vilivyooteshwa kwenye matangi. Hivyo vimeshazoea maisha ya sebuleni.

Kama mshiko wa taa nzuri haujatimia, subiri. Tangi tupu linaweza kungoja hadi mwisho wa mwezi. Kiumbe hai chenye njaa hakiwezi. Tuonane wiki ijayo!