Viraka vya ordinateri: nani anaamua, nani analipa?

Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida kwa Windows 10. Ordinateri nyingi zenye tunauza na kununua hapa Lubumbashi ni za okazioni, zinatoka Ulaya ao Dubai, na haziwezi kubeba Windows 11. Kwa hiyo mafundi wanatia Linux. Ni muzuri, ni bure, na mashini ya miaka kumi inaamuka tena. Ku sendika yetu pia ni vile: ordinateri yenye kushika liste ya wanachama na madosie ya ndugu wenye walifukuzwa kazi iko paka ya okazioni, na Linux ndani.

Watu wanasema: Linux haishikwi na virusi, basi maneno yameisha. Hapana, hayajaisha. Kuko kosa lenye haliko mu Linux wala mu Windows. Liko mu prosesa yenyewe, mu kile kipande chenye kinafanya hesabu. Na kosa la namna ile, mashini ikishatoka ku kiwanda, huwezi kulitoa. Unaweza tu kutia kiraka juu.

Tarehe 3 Januari 2018 dunia ilisikia majina mawili: Meltdown na Spectre. Meltdown ilishika karibu prosesa zote zenye Intel ilitengeneza tangu 1995. Spectre ilishika za Intel, za AMD, na za namna ya ARM, njo zile ziko mu telefoni. Wenye waliona kosa ni Jann Horn wa Google, na watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz ku Austria, na wengine pia, kila mutu kwa upande wake. Intel ilipashwa habari mu mwezi wa Juni 2017. Maana yake, kwa miezi zaidi ya sita wakubwa wachache walijua na sisi wengine tulikuwa tunalala. Sisi watu wa mugodi hatushangae: bei ya kobalti pia, siku zote kuko wenye wanajua mbele.

Tena tukumbushane kitu. Zile waya ndogo ndogo mu prosesa ni za shaba, tangu IBM ilionyesha ile njia mu 1997. Intel nayo ilitia kobalti mu waya za chini za prosesa zake za nanometa 10. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka mu udongo wa Haut-Katanga na Lualaba. Kosa haliko mu shaba, liko mu plan. Lakini wakati mutu anatuambia maneno ya prosesa hayahusu watumikaji wa mugodi, tunamuomba aangalie kwanza zile mashini zimetengenezwa na nini.

Tufasirie kosa lenyewe na mambo ya kazi yetu. Mu kila mugodi kuko magazini ya vipande vya mashini, na mwenye kuchunga magazini, kama ni mutu wa akili, hangojee. Mbele shefu atie mukono ku bon, yeye ameshaleta kipande karibu na dirisha, juu anawaza shefu atakubali. Shefu akikubali, wakati umepatikana. Akikataa, kipande hakitolewe. Prosesa inafanya vile vile, mamilioni ya mara kwa sekonde moja: inabahatisha kazi yenye itafuata, inaifanya mbele ya ruhusa, na kama ilikosea inafuta matokeo. Njo maana ordinateri ziko mbio.

Sasa mutu wa mayele anafika ku dirisha. Anasema: nipe kipande chenye namba yake ni ile namba ya mwisho ya mushahara wa shefu. Mwenye magazini anafungua rejista ya shefu, anaona 7, anakimbia kuleta kipande cha 7 karibu. Kisha jibu linafika: hauna haki ya kujua mushahara wa shefu, hauna kitu. Muzuri. Lakini kipande cha 7 kimebakia pale karibu na dirisha. Yule mutu anaanza kuomba, kwa haki yake kabisa, kipande cha 0, kipande cha 1, kipande cha 2. Vyote vinachelewa. Cha 7 kinatoka mara moja. Hakuiba, hakuvunja kufuli, hakuna mulinzi mwenye alimuona, na sasa anajua. Akirudilia ile kwa kila namba, atasoma rejista yote. Meltdown njo ile.

Watu wa Linux walitia kiraka chenye kinaitwa KPTI, chenye kilizaliwa mu kazi ya wale watafiti wa Graz. Kwa luga ya magazini: rejista ya shefu inaondolewa mu chumba cha dirisha, inawekwa mu chumba kingine. Kila mara kazi moja inahitaji ile rejista, inabidi kuhama chumba, kufunga, kufungua, kurudi. Kiraka kile kiko mu Linux 4.15, yenye ilitoka 28 Januari 2018, na kilitiwa mu Linux za zamani pia. Lakini kiko na bei, na ile bei ni wakati. Kwa mutu mwenye anaandika barua, haoni kitu. Kwa serveri yenye inashika hesabu kubwa, yenye inasoma disiki na kuongea na mutandao bila kupumuzika, kuhama chumba kila mara kunaonekana.

Spectre ilikuwa ngumu zaidi. Haikutosha kubadilisha Linux. Ilihitaji programu zingine zitengenezwe upya, na ilihitaji Intel yenyewe itoe maagizo mapya ya ndani ya prosesa. Mu ile Januari kulikuwa fujo. Linus Torvalds, mwenye alianzisha Linux, alikasirika wazi mbele ya watu juu ya viraka vya prosesa za Intel. Tarehe 22 Januari Intel ikaomba watu waache kutia ile dawa yake, juu mashini zilikuwa zinajizima na kujiwasha zenyewe. Na mambo hayakuishia pale. Foreshadow mu Agosti 2018, ZombieLoad mu Mei 2019, Retbleed mu Julai 2022, Downfall mu Agosti 2023. Kila moja na kiraka chake, na kila kiraka kinaweza kula wakati kidogo.

Hapa njo tunafika ku jambo letu. Linux iko na neno moja lenye fundi anaweza kuandika mu mupango wa kuwasha mashini: mitigations=off. Maana yake, toa viraka vyote vya ile namna, mashini ikimbie. Ni halali, wenye Linux wenyewe waliliweka. Kuko mafundi wenye wanaliandika juu shefu alilalamika serveri inachelewa, na hakuna mutu mwingine mwenye anajua.

Sisi tunajua ile hadisi. Ku mukanda wenye unabeba mawe kuko kizuizi cha chuma juu ya magurudumu, kusudi mukono wa mutu usiingie. Kizuizi kinasumbua, kusafisha kunachukua wakati, tani zinashuka. Siku moja kapita anasema tukitoe, tutakirudisha kesho. Kisha mwaka unapita. Wakati mukono umekatwa njo watu wanauliza nani aliamua, na hakuna karatasi. Mutu mwenye alipata faida ya zile tani na mutu mwenye alipoteza mukono hawakuwa mutu mumoja. Kutoa kiraka mu serveri ya mishahara ni vile vile: mwendo ni wa kampuni, hatari ni ya mutu mwenye jina lake liko ndani, namba yake ya banki, saa zake za pointage, dosie yake ya munganga.

Lakini tuseme kweli, hatutaki kutisha watu bule. Mashini yenye iko peke yake, haina mutandao, inafanya kazi moja tu ya kupima uzito wa kamio, pale hatari ya Meltdown ni ndogo sana, juu mwizi anapaswa kwanza kuingiza programu yake ndani. Fundi mwenye anatoa viraka pale hatutamufanyia vita. Hatari ni kubwa ku mashini yenye watu mingi wanatumia pamoja, na zaidi ku serveri za kukodi, zile ziko mbali, kampuni kumi juu ya prosesa moja bila kujuana. Na mishahara mingi siku hizi inahesabiwa ku serveri za namna ile. Tena wezi wengi hawahitaji mulango mwembamba sawa huu: neno la siri 123456 linawatosha. Kutia kiraka na kuacha neno la siri ku karatasi juu ya meza, ni kufunga dirisha na kuacha mulango wazi.

Kujua kama mashini ya Linux iko na viraka haiombe diploma. Kuko folda yenye inaitwa /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities. Ndani yake kila kosa liko na fishi yake: meltdown, spectre_v1, spectre_v2, na zingine. Fungua fishi. Ukisoma Not affected, prosesa yako haina lile kosa. Ukisoma Mitigation, kiraka kiko. Ukisoma Vulnerable, mashini iko wazi. Ni maneno ya Kiingereza, lakini ni matatu tu, delege wa sendika anaweza kuyajifunza mu dakika tano na kuomba ayaonyeshwe.

Kinabakia kikwazo cha inchi yetu. Kiraka kinapitia ku intaneti. Tarehe 31 Desemba 2017, juu ya maandamano ya Wakatoliki, Kinshasa ilikata intaneti na SMS. Siku tatu kisha, Meltdown ikatangazwa. Mwaka wenye ulifuata, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa tangu 31 Desemba 2018 mupaka 19 Januari 2019. Wakubwa wanawaza wanakata Facebook. Wanakata na dawa ya mashini zote za inchi, za hospitali, za banki, za serikali yenyewe. Hata siku intaneti iko, mega ni feza, na mutu mwenye mushahara wa mugodini anachagua kati ya kutia kiraka na kuongea na mutoto wake ku Kolwezi. Tunakumbuka RAM, ile taksi ya telefoni ya 2020: dola 1 kwa telefoni ya 2G, dola 7 kwa ya 3G ao 4G, mbele iondolewe mu 2022. Walisema ni kwa kupigana na telefoni za uongo na za wizi. Telefoni za Android ndani yake ni Linux, na za bei ya chini zinakaa miaka bila kupata kiraka hata kimoja. Ile taksi haikugusa jambo hili.

Sheria iko. Code du numérique ya 13 Machi 2023 inaongea juu ya kulinda habari za watu. Yenye inakosa ni mutu wa kuuliza, na tunaona delegasyo ya sendika njo inapaswa kuuliza. Mu mazungumuzo ya convention collective yenye inakuja, tutaomba mwajiri aandike serveri ya mishahara iko wapi na nani anaichunga, mara ya mwisho ilitiwa viraka ni siku gani, na kama kuko mutu alitoa viraka, jina la mwenye aliamua. Tutaomba pia watumikaji wapashwe habari mara moja kama majina yao yametoka inje.

Na tutaomba saa ya kusimamisha. Kiraka cha Linux ya ndani kwa kawaida hakianze kutumika mbele mashini izimwe na kuwashwa tena, na ku makampuni hakuna mutu mwenye anataka kuzima serveri, sawa vile hakuna mutu mwenye anataka kusimamisha pompi. Lakini kiwanda cha asidi kinasimama kila mara kwa matengenezo, tarehe inaandikwa ku ukuta, kila mutu anajua. Serveri iandikwe ku karatasi ile ile. Kwa ile ordinateri yetu ya okazioni ku ofisi ya sendika, tumechagua Posho asubui, kama SNEL inatuachia umeme, na betri imejaa mbele ya kuanza.