Ulemavu Usioonekana ni Ulemavu Pia

Ni ada yetu kumpima mlemavu kwa macho: asiyeshika mkongojo huambiwa ni mzima. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 260 kinataja hata maradhi yanayomwathiri mtu pakubwa au kwa muda mrefu katika shughuli zake za kila siku. Kwa hiyo kifafa chaweza kuingia humo. Lakini Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii huwalenga wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji mlezi daima. Naona haki isiulize jina la ugonjwa, bali ugonjwa umemnyima mtu nini. Nanyi walimu, mwanafunzi anayeanguka kifafa asiambiwe ana pepo; wazazi washauriwe wampeleke hospitali ya serikali, apimwe, kisha asajiliwe.